Kupanga nyumba nje ya mji Dodoma: ulizia maji kabla hujaulizia kodi

MpangajiDom (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikipita humu nakuta mtu anaulizia chumba Dodoma: "Natafuta masta (chumba chenye choo ndani), bajeti laki moja, pawe pametulia, pasiwe mbali na mjini." Majibu yanakuwa namba za madalali tu. Mimi naishi Nzuguni ya ndani, ukishaiacha barabara ya Dar unaingia mpaka nyumba zinaanza kuachana. Kabla ya hapo nimepanga Chang'ombe na Kizota. Naandika kwa kirefu kwa sababu kodi ya miezi sita ikishatoka mfukoni hairudi, na mji huu una mambo yake ambayo mtu aliyetoka Dar, Mwanza au Mbeya hawezi kuyaona kwa kutembezwa na dalali jioni moja.

Ninachosimamia ni hiki: Dodoma nyumba inachaguliwa kwa maji. Tailizi, jipsamu, geti la kisasa, hayo yote yanakuja nyuma ya maji.

Mji huu hauna mto wa kudumu. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Kwa miaka mingi maji ya bomba yametegemea visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora huko kaskazini. Visima vingine vimechimbwa, hata huku kwetu Nzuguni, lakini watu nao wameongezeka kwa kasi. Serikali ilipoanza kuhamia 2016, Waziri Mkuu alitangulia mwaka huohuo, Makamu wa Rais akafuata 2017, Rais akahamia 2019, na Mji wa Serikali pale Mtumba ukazinduliwa mwaka huohuo wa 2019. Kila wizara ilikuja na watumishi wake, watumishi wakaja na familia, na nyuma yao wakaja mafundi, mama lishe, wauza duka na sisi wengine wote. Wapangaji wakasogea Ilazo, Swaswa, Kisasa, Nzuguni, Ihumwa, Miyuji, Mkonze, Nala. Nyumba inaota kwa miezi minane. Bomba kubwa la maji halijengwi kwa miezi minane. Ndiyo maana kuna mgao, na mgao wa mtaa mmoja haufanani na wa mtaa wa pili hata kama mnapakana.

Sasa ukiingia kuangalia nyumba, anzia bafuni. Tazama mdomo wa bomba na vitundu vya bomba la mvua. Kukiwa na ukoko mweupe umeganda, ujue nyumba inatumia maji ya kisima yenye chumvi. Omba kipande cha sabuni unawe mikono. Maji ya chumvi hayatoi povu, sabuni inagandagandia kwenye vidole na mikono inabaki na utando. Kuishi nayo inawezekana, wengi tunaishi nayo, ila ujue mapema kwamba maji ya kunywa na ya kupikia utanunua, maharage yatachelewa kuiva, birika litajaa magamba, na mchicha uliopanda uani hautakuwa na raha.

Ukitoka bafuni, tazama mnara wa simtanki. Uliza lita ngapi, halafu hesabu milango ya wapangaji. Kaya tano zenye watu wanne, kila mtu akitumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku, ni lita 800. Tanki la lita 2,000 halifiki jioni ya siku ya tatu. Kama mgao wa mtaa ni mara moja kwa wiki, siku nne zilizobaki ni za kununua madumu. Hapo ile nyumba ya "bei nzuri" imeshaanza kupanda bei.

Na swali la maji usimuulize dalali. Yeye atakwambia "maji yapo," na hadanganyi, bomba lipo. Muulize mama wa genge la kona. Muulize mdada anayefua nje nyumba ya jirani: maji yalikuja lini mara ya mwisho, yalitoka saa ngapi, yalikaa muda gani? Kuna mitaa maji yanakuja saa nane usiku na kukata kabla ya adhana ya alfajiri. Kama tanki halijazi lenyewe, unaamka wewe. Ukikuta duka linauza maji kwa dumu na foleni ipo, hilo ni jibu tosha.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndiyo mtihani wa maji. Nyumba iliyo na maji Novemba ina maji kweli. Barabara nazo zina mtihani wake, mwezi wa kwanza na wa pili.

Tukija kwenye udongo. Kuna mitaa ya udongo mwekundu wenye kichanga, mvua ikikatika, baada ya muda mfupi unapita na viatu vya ofisini. Kuna mitaa ya mbuga, udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiona nyumba mpya ina nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona za madirisha, na nje ardhi imepasuka kiasi cha kuingiza kidole, hapo ni mbugani. Masika bajaji haziingii, boda wanaongeza bei au wanakataa kabisa, na mtoto wa shule anabebwa mgongoni. Tazama pia nyumba iko upande gani wa korongo. Sehemu za chini za Nkuhungu maji yameshaingia majumbani zaidi ya mara moja. Alama ya maji kwenye ukuta inapakwa rangi mpya kirahisi. Kwa hiyo angalia chini ya mlango wa choo na miguu ya makabati, huko fundi rangi hapiti.

Usafiri naupigia hesabu hivi. Nauli ya daladala ndani ya kilomita kumi ni shilingi 600. Ukipanga ndani ambako lazima uongeze boda ya 1,000 kufika lami, safari moja ni 1,600, kwenda na kurudi 3,200. Kwa siku 26 za kazi ni 83,200. Kama umehama kutoka Makole au Area A kwa sababu huku kodi imepungua elfu sabini, hujapata nafuu yoyote, umehamisha hela kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa boda. Nyumba nzuri ya nje ya mji ni ile unayotembea kwa miguu mpaka daladala, hata kama ni dakika ishirini. Na utembee mwenyewe siku ya kuikagua, ukishuka kwenye pikipiki ya dalali hutajua umbali.

Kuhusu utulivu wenyewe, nauthamini mno. Watoto wangu wanacheza nje. Usiku nasikia mbwa na upepo tu. Kuna sababu. Dodoma ilitangazwa makao makuu 1973, na ramani ya mji ikatoka 1976, kwa hiyo hata huku nje viwanja vingi vimepimwa, mitaa imenyooka, barabara zimeachiwa upana wake. Hubanwi na ukuta wa jirani. Baada ya CDA, mamlaka iliyokuwa inasimamia ustawishaji wa makao makuu na viwanja vyake, kuvunjwa 2017 na kazi yake kwenda kwa halmashauri, hati zilitoka kwenye miaka 33 zikawa za miaka 99, watu wakanunua viwanja kwa wingi, na wengi wao wanaishi mikoa mingine. Kwa hiyo sehemu ya kimya chetu ni viwanja visivyojengwa. Mchana panapendeza. Usiku panakuwa giza, na wakati wa mvua nyasi zinafika kiunoni na nge wanaingia ndani. Tafuta nyumba yenye majirani angalau pande mbili wanaolala hapo.

Halafu kimya cha Dodoma kina muda wake. Mtaa uliotulia leo mwakani una mashine ya kufyatua tofali na malori ya mchanga yanayopita alfajiri. Uliza kiwanja cha jirani ni cha nani na anajenga lini. Uliza kama kuna kibali cha baa au ukumbi. Nenda Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi, siku hizo mbili ndizo zinazosema ukweli kuhusu sipika za mtaa.

Vumbi. Kuanzia Juni upepo unatoka mashariki bila kupumzika mpaka karibu na mvua. Chumba chenye dirisha kubwa la kuslaidi upande wa mashariki na barabara ya vumbi mbele yake utakifuta asubuhi na jioni, na mwenye pumu hawezi kulala humo. Mwarobaini mmoja mkubwa mbele ya dirisha una faida kuliko pazia la bei mbaya.

Mkataba na luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) naviacha mwishoni ila ni vikubwa. Nyumba nyingi za huku hazijaisha. Mwenye nyumba anakwambia lipa mwaka mzima nikumalizie fensi, nikuwekee dari, nivute maji. Mimi mmoja wa wenye nyumba wangu wa zamani alipokea hela hivyo, na mpaka nahama fensi ilikuwa mawe yamerundikwa. Kama anaahidi kumalizia kitu, kiandikwe kwenye mkataba, na tarehe yake, na kodi itapungua kiasi gani tarehe ikipita. Mwenye nia njema hakatai kuandika.

Luku ya kushea ikwepeni mkiweza. Mteja wa matumizi madogo, yule anayebaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Akizidi, bei inaruka zaidi ya mara tatu. Wapangaji wanne kwenye luku moja hamuwezi kubaki ndani ya 75 hata mfanyeje. Kwa hiyo wewe mwenye taa tatu na simu unanunua umeme kwa bei ya nyumba kubwa, na bado kuna ugomvi wa nani ana friji. Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku kila mwezi ni wajibu wa mwenye nyumba. Kubalianeni mapema kwamba mtaitoa kwenye kodi ya pango.

Kwa anayeulizia bei: mtaani kwangu sasa masta ya kawaida inaanzia elfu sitini, chumba na sebule chenye choo ndani laki na kitu, nyumba ya vyumba viwili kwenye fensi yake inakwenda laki moja na nusu mpaka mbili na nusu kutegemea maji. Kisasa na Iyumbu msitegemee bei hizi. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, wengine wanataka hela ya kuonyesha hata kabla hujaona kitu. Hiyo ya kuonyesha usitoe kabla hujafika mlangoni.

Karibuni mchangie, hasa wa Nala, Miyuji na Mkonze ambako sijaishi.

FundiMabomba

Naunga mkono hoja, dada. Niongezee la kitaalamu kidogo.

Watu wanaangalia ukubwa wa tanki la juu wanasahau presha. Maji ya mgao maeneo ya mwinuko yanafika geti hayana nguvu ya kupanda mnara. Nyumba iliyojengwa na mtu anayeijua Dodoma ina tanki la chini, yale maji yanaingia taratibu usiku kucha, halafu pampu inayapandisha. Ukiona tanki la juu tu na hakuna la chini, muulize mwenye nyumba maji yanapandaje. Akisema "yanapanda yenyewe," fungua bomba la nje kabisa karibu na mita, maji yakiwepo, uone yanatoka kwa nguvu gani.

Na pampu inatumia umeme wa nani? Hapo ndipo wapangaji wanapogombana. Kama pampu iko kwenye luku ya chumba chako, ukubaliane na wenzako kabla ya kuingia.

Nimefungua mabomba ya nyumba za visima vya chumvi ambazo hazina hata miaka mingi, tundu limebaki la kupita kijiti cha kiberiti. Mpangaji analalamika maji hayatoki jikoni, mwenye nyumba anasema mmeharibu. Siku ya kukabidhiwa nyumba fungua mabomba yote kwa pamoja, jikoni, bafuni, chooni, na mwenye nyumba awepo.

MtumishiMakole

Mkuu uzi mzuri ila tusiwatie watu moyo wote wakimbilie nje. Mimi sina gari, nafanya kazi mjini katikati, nimepanga Makole chumba kimoja choo cha kushea. Natembea kwa miguu kazini, sokoni Majengo natembea, hospitali ya mkoa natembea. Hiyo 83,200 uliyoipiga mimi naiweka akiba. Kelele zipo, ndiyo, lakini saa nne usiku narudi bila kuogopa. Kwa kijana asiye na familia, nje ya mji anajitafutia upweke na gharama.

MpangajiDom

Kaka nakubaliana na wewe kwa mtu wa hali yako, kazi ikiwa katikati na uko peke yako, kaa katikati. Huku kunamfaa mwenye watoto, au anayefanya kazi upande wa Mtumba, Ihumwa, Nanenane. Nilipokuwa Chang'ombe watoto walikuwa wanashinda ndani kama wagonjwa. Sasa wana uwanja, wana wenzao, wanarudi magoti mekundu na wanakula bila kubembelezwa. Hilo kwangu lina bei yake na naridhia kuilipa kwa nauli.

MzeeWaHombolo

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu Wagogo.

Binti yangu umeandika vizuri. Mimi ni mzaliwa wa huku na nimeona mji unatufuata. Ninaomba niseme jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Hizi sehemu mnazoziita nje ya mji zilikuwa vijiji. Ihumwa, Nala, Mkonze, Msalato, Nzuguni, Mtumba, watu walikuwa wanalima uwele na mtama na kuchunga. Mwingine mashamba yake yamepimwa viwanja, amebaki na nyumba yake katikati ya maghorofa ya wageni. Huyo ndiye anayejua korongo linapita wapi, kisima gani kilikuwa kitamu, mti gani usikatwe.

Mpangaji akihamia aende kwa mwenyekiti wa mtaa ajitambulishe, na balozi amjue. Halafu asalimie. Akisikia kuna msiba nyumba ya tatu aende akae, hata kama hamjui marehemu. Mnasema mnataka usalama na mnafunga geti miezi sita bila kumjua jirani. Ulinzi wa huku ni watu kukufahamu. Ng'ombe wakipita mbele ya nyumba yako jioni msiwapigie kelele vijana wanaochunga, njia hiyo waliikuta kwa babu zao.

Na mkitaka chakula cha bei nafuu fuateni vya huku. Mlenda, kunde, karanga, ubuyu, zabibu za Hombolo na Makutupora wakati wa msimu wake. Jumamosi nendeni mnadani Msalato. Mtu anapanga nyumba ya bei rahisi halafu anasafiri mjini kununua mboga ambayo jirani yake anayo shambani.

MwenyeNyumbaNala

Nimesoma hapa mwanzo mpaka mwisho na nimeona mnatusema. Mimi ni mwenye nyumba, naomba nami nisikilizwe.

Nilijenga kwa mkopo wa kazini. Nikiomba kodi ya miezi sita siyo roho mbaya. Simenti, nondo, mabati, vyote vinalipwa papo hapo. Mpangaji wa mwezi mmoja mmoja nilimpata, akahama usiku akaacha deni la maji la miezi mingi, na ankara iko kwa jina langu. Sasa nifanyeje?

Mpangaji akija na mambo matatu, nampunguzia masharti: kitambulisho chake cha NIDA, mtu wa kumdhamini anayefahamika, na akubali ankara ya maji ije kwenye simu zetu wote wawili. Nina mpangaji Nala analipa kila baada ya miezi mitatu, hajawahi kuchelewa, na sijampandishia kodi tangu aingie kwa sababu analitunza ua langu kuliko mimi mwenyewe. Zungumzeni na wenye nyumba ana kwa ana. Mkipita kwa dalali, yeye anataka kodi iwe kubwa ili chake kiwe kikubwa.

Kuhusu Nala: maji inategemea uko upande gani wa barabara ya Singida, msiambiwe "Nala maji yapo" mkaridhika. Na barabara ya mzunguko wa nje inapita huku, kilomita 112, malori mengi yatahamia kwenye hiyo. Anayetaka kimya akae mbali nayo.

MpangajiDom

Asante sana kwa kuja na upande wako. Hilo la ankara kwenda simu mbili nalichukua, ni zuri kwa wote. Niongeze tu kwa wapangaji: sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo hakuna mtu wa kukupangia kiwango cha kodi. Ulinzi wako ni mkataba. Andikeni muda wa notisi kwa pande zote mbili, andikeni kodi haitapanda kabla ya kipindi fulani kwisha, shahidi awe mwenyekiti wa mtaa. Mkishindwana kabisa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kule wanaanza kwa kuuliza karatasi.

NatokeaMwanza

Wakuu shikamooni. Nimepata uhamisho, mwezi wa saba naripoti Mtumba. Nina mume na watoto wawili, mmoja anaanza darasa la kwanza mwakani. Bajeti yetu ni laki moja na nusu kwa mwezi, gari hatuna. Kuna dalali ananiambia Ihumwa, mwingine anasema Chamwino ni bei rahisi zaidi. Dada MpangajiDom unanishauri wapi? Na huku Mwanza tumezoea maji, hii habari ya madumu imenitisha.

MpangajiDom

Marahaba mdogo wangu, na karibu sana Dodoma.

Usitishike. Watu wa kanda ya ziwa wanazoea, kinachowaumiza ni kuja bila vyombo. Beba au nunua mapipa mawili ya lita 200 yenye mfuniko kabla ya kununua sofa. Maji yakija unajaza, unafunika, unaishi wiki.

Kuhusu sehemu: kazi yako ikiwa Mtumba, usipange Miyuji wala Nala, utavuka mji mzima kila asubuhi. Chamwino ni mbele ya Mtumba, kodi yake iko chini kweli na pametulia, ila mume wako anafanya kazi gani? Kama atakuwa anatafuta riziki mjini katikati, safari yake itakula kile mlichookoa kwenye kodi. Ihumwa ni karibu na kazini, kuna stesheni ya treni na bandari kavu, kwa hiyo kunajengeka haraka na malori yapo. Tafuteni ndani, mbali na barabara kuu. Nzuguni iko katikati ya vyote, soko la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi mnazo jirani, wewe unapanda gari kwenda Mtumba na mume anapanda kwenda mjini. Kwa laki moja na nusu mtapata vyumba viwili, sebule na choo ndani, huenda bila fensi kamili. Mimi ningechukua isiyo na fensi yenye maji kuliko yenye fensi isiyo na maji.

Umeniambia mwezi wa saba, ni wakati mzuri. Bunge la bajeti linakuwa limeisha, waliopanga kwa ajili ya msimu wanaondoka, na madalali wanapunguza kiburi. Ila Julai ni baridi, usiku mnahitaji mablanketi na watoto maji ya moto ya kuogea.

Shule ya mtoto itangulie nyumba. Tafuta kwanza shule, halafu chora mzunguko wa kutembea kwa miguu, nyumba itoke humo ndani. Mtoto wa darasa la kwanza kuvuka barabara ya Dar peke yake, hapana kabisa.

NatokeaMwanza

Asante dada yangu, Mungu akubariki. Mume ni fundi seremala, atatafuta sehemu ya kufungua karakana. Je, nije mwenyewe kwanza au nimtume hela dalali ashike nyumba? Anasema kuna watu wengine wawili wanaitaka.

MpangajiDom

Usitume hata shilingi. "Kuna wengine wanaitaka" utaisikia kwa kila nyumba. Nyumba zipo, zinajengwa kila siku.

Njoo wewe au mume, mmoja anatosha. Fika Alhamisi ili upate Ijumaa ya ofisi ya mtaa na Jumamosi usiku ya kusikiliza mtaa. Gesti za karibu na stendi ya Nanenane zipo za bei ya kawaida. Ijumaa asubuhi nenda ofisi ya serikali ya mtaa, waambie unatafuta nyumba. Mara nyingi mwenyekiti anawajua wenye nyumba wanaotafuta wapangaji, na hapo hakuna dalali. Mchana zunguka kwa miguu, soma vibao vya "nyumba inapangishwa" getini. Ukipata mbili tatu, rudi kila moja saa kumi na mbili asubuhi, wakati watu wanachota maji. Utaona ndoo zinatoka wapi.

Kwa seremala Dodoma kazi ipo, kila anayejenga anataka milango. Mwambie karakana asiifungue kwenye nyumba mtakayopanga, msumeno utamgombanisha na mtaa mzima. Aulizie fremu pembeni ya barabara kuu, na umeme wa kutosha mashine. Ukishapata tarehe ya safari niandikie PM (ujumbe wa faragha), kuna mama ana genge mtaani kwetu, nitakupeleka kwake umuulize habari za maji mwenyewe.

FundiMabomba

Na akija anitafute, nitapita naye kukagua mabomba bure. Atuletee sato tu.